Mkono Ulioshika Msuko wa Malkia

Mtoto wa kiume akizaliwa katika ukoo wetu, hata kabla hajapewa jina, baba yake huenda hekaluni kuahidi kwamba mtoto huyo, walau mara moja maishani mwake, atavaa sari na kucheza Malkia. Mimi nilicheza. Nilikuwa na miguu mizito na shingo fupi, na marehemu mama yangu alisema nilionekana kama nyati anayekwenda harusini. Nikahamishiwa kwenye matuazi, vile visahani vya shaba vya kugonganisha, na huko sijapata mpinzani mpaka leo.

Binamu yangu Purnayya alipovaa sari ile, mambo yalikuwa mengine. Alikuwa kijana wa masharubu machanga, mwenye sauti ya chura, lakini akishapakwa manjano usoni na kutiwa wanja, akifungiwa njuga miguuni, ungemtafuta Purnayya usimwone. Waume za watu walimtazama na kusahau walikoketi. Wanawake wa mtaa wa hekalu walianza kuvaa maua ya asumini upande wa kushoto wa kichwa, kwa sababu yeye aliyavaa upande huo. Akaishika nafasi hiyo ya Malkia, akazeeka nayo.

Malkia ni mke kipenzi wa Krishna, mzuri na mwenye kiburi. Mchezo wetu wa sikukuu ni habari ya ugomvi wao: amekasirika, mume kaondoka, sasa anamtaka arudi lakini hataki kuonekana anamtaka. Hakuna vita wala majini. Ni mwanamke mmoja na moyo wake, na mtu anayeweza kuwashika watazamaji kwa hilo tu, huyo ni mchezaji.

Anavyoingia ndiyo fahari yetu. Vijana wawili hushika pazia mbele ya watu. Malkia akiwa nyuma ya pazia, anautupa msuko wake mrefu wa nywele juu yake, ukaning'inia upande wa watazamaji, na mapambo yake ya jua na mwezi yakimetameta. Maana yake hata watoto wanaijua: hapa yupo asiye na mfano, na mwenye kubisha aushike. Ukishikwa, wawili hao wanashindana papo hapo. Malkia akishindwa, msuko unakatwa na hauvai tena. Akishinda, mbishi anaomba radhi mbele ya watu. Mama zetu walitufunga mikono tulipokuwa wadogo tusije tukaugusa kwa utundu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona mkono ukinyanyuka.

Mwaka ninaousimulia, goti la Purnayya lilikuwa limevimba kama papai. Siku chache kabla ya sikukuu nilikwenda kwake kunywa kahawa, nikamkuta barazani, mkewe Kanakamma anamkanda kwa mafuta ya ufuta ya moto.

"Shemeji," Kanakamma akaniambia bila kusalimu, "mwambie ndugu yako goti halidanganywi kwa mafuta."

"Goti ni la mzee," Purnayya akasema. "Malkia hana goti."

"Na usiku anayepiga kelele kitandani ni nani? Malkia?"

"Nikiacha, nani atacheza? Nitajie mmoja."

Kanakamma alielekeza kidevu mlangoni. Alikuwa akitoka Haimavati, mjukuu wao, amebeba vikombe vya kahawa. Haima alikuwa akisoma chuo kule Vijayawada, akaja nyumbani kwa sikukuu. Babu yake ndiye aliyemfundisha kucheza tangu akiwa hajui kufunga sketi yake mwenyewe, na huko mjini alikwisha kucheza kwenye kumbi za watu wakubwa wakamvisha mashada. Lakini pale mbele ya hekalu, siku mungu anapotolewa nje kututazama, Malkia alikuwa mwanamume. Ndivyo tulivyopokea.

"Haima ni msichana," Purnayya akasema.

"Na Malkia ni nani? Seremala?"

"Sikiliza, mama wee. Msichana akicheza msichana, ustadi uko wapi hapo? Ni kama kumsifu samaki kwa kuogelea! Mimi nilikaa ukingoni mwa mfereji miaka mingi nikiwatazama mnavyochota maji, mnavyogombana, mnavyofunga nywele. Niliiba. Kuiba ndiyo kazi. Huyu ataiba nini, na vyote ni vyake?"

Haima aliweka kikombe mbele ya babu yake taratibu mno, kama mtu anayeogopa kwamba akikiachia kwa nguvu kitasema.

"Anayeutaka msuko anajua unakopatikana," Purnayya akamalizia. "Juu ya pazia. Haurithiwi kama sufuria."

Nilimtazama yule binti. Alikuwa akiutaka. Aliutaka kama mtu wa kiu anavyotaka maji, na alimpenda babu yake kupita maji. Nami, kusema kweli, nilikuwa upande wa Purnayya. Mambo yaliyotufikia yakiwa mazima, sikuona sababu ya kuyafungua.

Siku ya sikukuu watu walijaa uwanja wa hekalu tangu jua halijazama. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, watoto katikati kama kuku. Siku hizi tuna taa za umeme, lakini Malkia anapoingia tunazizima na kutumia mienge, na mienge ni ya Somulu dobi, kama ilivyokuwa ya baba yake. Yeye husimama kando ya pazia na bakuli la unga wa ubani. Msuko ukitupwa, anarusha unga kwenye mwenge, moto unaruka juu na harufu inajaa uwanjani, na watu wanapata kuuona msuko vizuri.

Somulu alikuwa na kisirani na umeme. Jioni ile aliniambia, "Bwana mkubwa, leo wataona kama balbu zao zinaweza hivi."

Ningemuuliza ana maana gani, lakini mpiga ngoma alikuwa amekwisha kuanza. Nikainua matuazi. Pazia likashikwa. Ngoma ikapanda, nikaimba maneno ya kumtangaza, na msuko ukaruka juu ya pazia ukaanguka upande wetu, mweusi, mzito, mzuri kama nyoka aliyeshiba. Somulu akachota ubani kwa mikono miwili akaurusha wote.

Moto ulipanda kama mnazi. Upepo kutoka mferejini ukausukuma, ukaja mzima mzima kwenye pazia. Wanawake wa mbele wakapiga ukelele wakarudi nyuma. Mmoja hakurudi. Haima aliinuka, akanyoosha mkono, akaushika ule msuko na kuuvuta chini ya ulimi wa moto.

Moto ukashuka. Haukuunguza hata uzi. Haima akabaki amesimama mbele ya kijiji kizima, msuko mkononi.

Ngoma ilinyamaza.

"Nani?" sauti ya Purnayya ikauliza nyuma ya pazia. Alikuwa amevutwa kichwa, na hakuweza kuona kitu.

Nikamsogelea binti. "Haima, mwanangu, uachie. Sema ulikuwa unauokoa na moto. Gusa ardhi, omba radhi, yamekwisha. Hakuna atakayekulaumu."

"Nilikuwa nauokoa na moto, babu mkubwa," akasema, na ilikuwa kweli. Akainama kugusa ardhi, na vidole vyake vilikwisha kulegea.

Na huyo binamu yangu, ambaye hakujua kuacha jambo likaisha, akapaza ile sauti ya Malkia, tamu kama asali ya miwa:

"Ni mkono wa nani huo, jamani? Kama ni wa mwanamume, aje tuonane. Kama ni wa mwanamke, ageuke haraka, sufuria inaungua jikoni!"

Upande wa wanaume wakaangua kicheko. Upande wa wanawake hawakucheka.

Haima akasimama wima. Akauzungusha msuko kwenye kiganja chake mara moja, ukakaza.

"Sufuria nimeshaiepua, babu."

Pazia likashushwa kidogo, macho mawili ya wanja yakachungulia.

"Haima?"

"Ndiyo, babu."

"Bibi yako anajua?"

"Bibi yake yuko hapa, ana macho," Kanakamma akajibu kutoka upande wa wanawake, kikapu chake cha maua mapajani. "Cheza au lala."

Wazee walianza kunong'ona. Mmoja akasema jambo hili halijawahi kuwapo. Mwingine akasema mwanamke hawezi kubisha. Wakanigeukia, kwa sababu mwenye matuazi ndiye mwenye mchezo, neno lake ndilo la mwisho mpaka mchezo uishe. Nilijua wanatarajia nini. Na mimi nilikuwa nakitarajia vilevile. Lakini nilipofungua kinywa niliona kuwa desturi niliyoilinda maisha yangu yote ilikuwa imesimama pale, na kama ningeikataa kwa sababu tu ya mkono ulioishika, basi tangu zamani tulikuwa tukitupa msuko ule kwa watu tuliojua hawatathubutu.

"Desturi inasema mwenye kubisha aushike," nikasema. "Haikusema awe na ndevu. Pazia litolewe."

Purnayya alicheza kwanza, kama mwenye nafasi. Nimemtazama mara nyingi kuliko nilivyotazama jua kuchomoza, na jioni ile alikuwa kwenye kilele chake. Goti liliyeyuka. Alikuja kwa hatua zile za mtu anayejua anatazamwa na anajifanya hajui, msuko ameulaza kifuani, mkono mmoja kiunoni, shingo inakwenda pembeni kidogo kama bua la mpunga penye upepo. Alipofika mahali ambapo Malkia anajitazama kwenye kioo, aliinua kiganja kitupu, na kila mtu akakiona kioo. Akatabasamu ndani yake. Ah, lile tabasamu! Wanaume walishusha pumzi pamoja.

Kijana aliyekuwa amejitayarisha kucheza Krishna alifungua njuga zake akamwazima Haima. Binti akapandisha pindo la sari yake ya kawaida ya hariri, akagusa ardhi, tukaanza.

Alicheza vizuri. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na kila kitu kilikuwa cha Purnayya: hatua, shingo, kiganja, tabasamu. Lakini kwenye mzunguko mkubwa, pale miguu inapotakiwa kuijibu ngoma kwa nguvu zote, mguu wake wa kulia uligusa tu, kama anakanyaga yai. Wengi hawakuona.

"Simamisha!" Purnayya akapiga kelele, kwa sauti yake ya kiume. "Kaka, simamisha hiyo ngoma!"

Akaja katikati, sasa anachechemea, sari na mapambo yote mwilini.

"Mguu umefanya nini hapo?"

"Nimejikwaa, babu."

"Hukujikwaa. Wewe ukijikwaa unaangukia kushoto, tangu utotoni. Umeuzuia. Unanihurumia?"

Haima akainamisha kichwa.

"Mbele ya watu? Mbele ya mungu aliyetoka nje kututazama, unamtilia maji kwenye maziwa? Heri ungenipiga kofi!"

"Babu, goti lako..."

"Goti langu limekuomba nini? Lina kinywa? Nikikushinda utalia, ukinishinda nitalia, na kulia hakujaua mtu. Lakini ukiniachia nishinde kama mtoto anavyoachiwa kwenye bao, naapa sitakula tena chakula cha mkono wako." Alipumua. Kisha akasema polepole, na nadhani ni sisi wa karibu tu tuliosikia: "Na usinicheze mimi. Mimi nimeshachezwa, wameniona. Nani mwingine yuko humo ndani yako?"

Akarudi kando akajishika kwenye bega la Somulu. Haima alifuta macho kwa mgongo wa mkono, wanja ukamchafua shavuni. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa.

Tukaanza upya.

Sitajidai kwamba nilielewa mara moja. Hatua zilikuwa zilezile, mapigo yaleyale, ningeyahesabu usingizini. Lakini yule Malkia aliyekuja hakuwa akijifanya hajui kwamba anatazamwa. Alikuwa kweli hana habari nasi. Alikuwa amemkasirikia mtu, anamsubiri mtu, na sisi tulikuwa kijiji kilichomkalia njiani. Kwenye mzunguko mkubwa mguu ulipiga ardhi mpaka njuga zikalia kama mvua ya mawe kwenye bati. Na alipofika kwenye kioo hakutabasamu. Alijitazama. Akaona unywele mmoja uliotoka. Akaurudisha. Ukatoka tena. Akaubana kwa kidole, akakaza uso, akatazama vizuri pembe ya jicho lake, pale umri unapoanza kuandika, akakifunika kioo kwa ghafla, akatugeukia sote kama kwamba ni sisi tuliomwandika.

Wanawake walicheka. Katika miaka yote wanawake walikuwa wakimtazama Purnayya kwa kuvutiwa, wanaitikia "aha, aha" kwa heshima. Jioni ile walicheka kama watu waliofumaniwa. Mmoja alimpiga jirani yake paja. Mwingine akasema kwa sauti, "Nani kamwambia huyu mtoto?" Nami nikamtafuta Purnayya kwa macho, nikamwona ameziba kinywa kwa mkono, mwili wote unamtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Ngoma ilipokatika nikasimama kutoa hukumu. Nilisoma shule ya usiku kule Machilipatnam nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na sikusoma bure. Maneno yalikwisha kujipanga kichwani, yenye mwanzo na katikati.

"Kaka," Purnayya akasema, "usihutubu. Watu wana njaa."

Akajikongoja mpaka kwa mjukuu wake, akamshika kidevu, akamtazama.

"Ule unywele. Umeuiba wapi?"

"Kwa bibi," Haima akasema. "Kila asubuhi."

"Miaka yote nalala pembeni yake na sijauona." Akageuka kwa watu. "Nimeshindwa. Leteni mkasi."

Hakukuwa na mkasi. Nani aende sikukuuni na mkasi kwa jambo lisilotokea? Somulu akasema ana mundu nyumbani. Mtu akaanza kukimbia kuufuata, na Purnayya akakaa chini kwenye vumbi, kichwa ameinamisha kama kondoo, tayari kukatwa. Uso wake ulikuwa umetulia, lakini mikono yake iliushika ule msuko na haikuachia.

Ndipo Kanakamma alipoinuka. Aliweka kikapu chake kando, akapita katikati ya watoto.

"Kata uone," akamwambia mumewe.

"Mama, ni desturi."

"Desturi yenu, nywele zangu. Unadhani huo msuko ulinunuliwa sokoni? Kila unywele ulioanguka kwenye kitana changu tangu nikiwa mwari nimeukusanya, nimekusukia wewe. Leo mlete mundu! Wa kukatia majani ya ng'ombe!"

Wazee walitazamana. Nami, nakiri, nilifurahi. Kanakamma akapiga magoti, akafungua fundo moja baada ya jingine, akautoa msuko kichwani mwa mumewe. Kipara chake kikang'aa kwa mwanga wa mienge. Kisha, palepale, akauchana kwa vidole na kumfungia mjukuu wake, akiuvuta kwa nguvu mpaka binti akasema "uwii".

"Umekatika kwako," akamwambia Purnayya. "Inatosha."

Nami nikatangaza kwamba inatosha, na Kanakamma akarudi kwenye kikapu chake.

Mchezo ulikuwa bado mzima mbele yetu. Baada ya Malkia kuingia huja msiri wake, mwanamke mwenzake anayemchokoza na kutumwa naye kwa Krishna. Kwa desturi msiri ni mwenye matuazi, yaani mimi. Nilikuwa nimekwisha kukohoa kusafisha koo.

"Kaka," Purnayya akasema tena, "hiyo kazi nipe."

"Kazi gani?"

"Umsiri. Wewe piga matuazi. Msiri hana haja ya kuruka, anasimama tu na kusema. Goti langu litaiweza."

"Nimeicheza tangu baba yangu afe!"

"Ndiyo. Na tumekuvumilia."

Watu walicheka, na sikuona kosa kucheka nao. Nikampisha.

Akasimama mbele ya Haima, mzee mwenye kipara, amevaa sari nyekundu, midomo imepakwa rangi, njuga miguuni. Naapa kwamba kabla hajasema neno alikuwa jirani wa kike mwenye umbeya kuliko wote wa delta yetu. Malkia akamwomba ampelekee ujumbe mumewe. Msiri akauliza, kama ulivyo mchezo, huyo mume anaitwa nani. Kwetu mke hatamki jina la mumewe. Hapo Malkia hupinda vidole, huona haya, hukwepa, na msiri humbana mpaka watu wachoke kucheka.

Purnayya alimbana vibaya. "Hana jina? Ulimwokota? Alikuja na mafuriko?"

Haima alikwepa mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu akaweka mkono kiunoni, akasema maneno yasiyokuwamo katika mchezo wetu:

"Tangulia wewe, dada. Wako anaitwaje?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza msiri swali hilo. Purnayya akababaika kweli, nikaona. Kisha akavuta pindo la sari akaliuma kwa meno, akachora mchangani kwa kidole cha mguu, akamgeukia mkewe polepole, macho chini, na kumwonyesha kwa kidevu.

"Yule pale," akasema kwa sauti nyembamba. "Mwenye kikapu."

Kanakamma alimrushia ua usoni. Uwanja ukalipuka. Walicheka mpaka mpiga ngoma akaiachia ngoma yake akajifuta machozi kwa kanzu, nami nikaendelea kushika mapigo peke yangu, polepole, mpaka walipotulia na Malkia akaweza kuendelea.